Nilienda kutafuta simu ya laini mbili nikiwa na laini tatu

Salamu kwenu wakuu wa jukwaa hili.

Mimi humu ni msomaji tu, hata comment huwa siachi. Lakini nilisoma nyuzi zenu nyingi nilipokuwa natafuta simu, zikanisaidia, na naona si vizuri kuchukua tu bila kurudisha. Nitaandika vile ilivyokuwa. Mahali sijui, nitasema sijui.

Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo wale wa specs mnivumilie.

Naishi Mundika, nje kidogo ya Busia mjini, upande wa Kenya. Mke wangu Ajiambo alikuwa akiuza muhogo mkavu na mtama. Mzigo unatoka ng'ambo, Uganda. Wanunuzi wako huku kwetu: wenye posho mill, zile mashine za kusaga unga, na akina mama wa soko kule Khunyangu. Yeye ndiye alikuwa anaongea na watu. Mimi nilikuwa wa kubeba. Nasukuma magunia kwa baiskeli, napakia, napakua, narudi nyumbani.

Aliugua, hakukaa sana, tukamzika. Hiyo sehemu sitaandika zaidi ya hapo.

Baada ya mazishi biashara ilibaki kwangu. Sikuwa na ujuzi nayo, lakini watoto wanasoma na wanakula.

Sasa tuingie kwa simu.

Ajiambo alikuwa na smartphone ya zamani. Screen yake ilikufa wakati ule ule wa ugonjwa, ikawa nyeusi kabisa. Fundi aliiangalia akasema bei ya screen inakaribia bei ya simu yenyewe, akanishauri niiache. Mimi nilikuwa na mulika mwizi, ile ya tochi na redio. Nikatoa laini yake ya Kenya nikaweka kwa mulika yangu pamoja na laini yangu, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaijua hiyo namba kwa kichwa.

Shida ilikuwa picha. Muhogo mkavu unauzwa kwa macho. Kuna wanaotaka mweupe kabisa, na kuna wanaotaka ule uliovundikwa, wa kijivu kidogo, kwa sababu ya ladha ya ugali. Wote hawataki wenye ukungu. Zamani mtu alikuwa anakuja kuangalia gunia mwenyewe. Siku hizi anakuambia, nitumie picha.

Na mulika haitumi picha.

Kuna mteja mmoja wa Khunyangu, mama mwenye posho mill, nitamwita Mama Posho kwa sababu sijamwomba ruhusa ya kumtaja. Alinipigia akaniambia, "Mzee, mimi siwezi kununua muhogo wa kuelezewa. Hata wewe ukiambiwa bibi ni mrembo si utataka kumwona?"

Nikaona ana haki. Nikaamua kutafuta simu.

Bajeti yangu ilikuwa ya katikati. Si zile za bei ya chini kabisa ambazo zinaganda ukifungua kitu cha pili, na si zile za wakubwa. Humu niliona mkisema kwa bei hiyo mtu aangalie RAM, battery, camera na screen. Nikakariri hayo maneno njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Nikaanza na duka moja Busia mjini. Kijana wa pale alikuwa na mdomo mwepesi. Kabla sijakaa alikuwa ameshaniwekea simu tano kwa kioo.

"Boss, hii ni RAM nane. Hii ni nane ongeza nane."

"Ongeza nane inatoka wapi?"

"Inatoka kwa storage, boss. Virtual."

"Kwa hivyo ni nane."

"Ni nane," akasema.

Nilimpenda kwa hilo. Alikubali haraka.

Halafu nikatoa muhogo mfukoni. Nilikuwa nimebeba vipande viwili, vimefungwa kwa karatasi. Kimoja cheupe, kingine kilikuwa na ukungu wa kijani upande mmoja. Nikamwambia nataka kuvipiga picha kwa kila simu.

Aliviangalia. Akaita mwenzake wa upande wa charger. "Njoo uone. Mzee amekuja na lunch."

Mwenzake akasema, "Mwambie hapa ni duka ya simu, posho mill iko nyuma ya stage."

Walicheka, nami nikatabasamu, lakini vile vipande sikuvirudisha. Kazi yangu ni hiyo. Ningekuwa mwalimu ningebeba kitabu.

Wakuu, hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho sikukiona kwa uzi wowote humu. Simu ya kwanza, ile aliyoisifu zaidi, nilipoelekeza camera kwa muhogo, ilitambua yenyewe kwamba hicho ni chakula. Ikaandika "Food" hapo chini. Halafu ikapiga picha nzuri sana. Muhogo mweupe ukawa mweupe kama chaki. Na ule wa ukungu pia ukawa mweupe. Ukungu ulibaki kama kivuli tu, mtu asiyejua hangeuona.

Kijana akasema, "Umeona camera hiyo? Hata muhogo mbaya unakuwa mzuri."

Nikamwambia hiyo ndiyo sababu siitaki.

Hakunielewa. Nikamweleza kwamba mteja akiona picha hii atatuma mtu achukue gunia, gunia lifike Khunyangu, afungue. Siku hiyo atanilaumu mimi, hatailaumu camera. Na Ajiambo alichukua miaka kumfanya yule mama aamini.

Tukajaribu zingine. Nyingi zilikuwa zinafanya vile vile, zingine kidogo, zingine sana. Kijana akaingia kwa settings akazima kitu kinaitwa AI, ikawa afadhali. Lakini moja ilikuwa inajiwasha tena ukiifunga camera na kuifungua. Hiyo nikaiweka kando kabisa.

Kulikuwa na jambo la pili. Nilimwambia nataka simu inayochukua laini mbili na memory card kwa wakati mmoja. Akanionyesha moja, akasema iko sawa. Nikamwomba atoe kile kijisahani cha laini. Kutoa, nafasi ni mbili tu. Ukiweka memory card, laini moja inatoka.

"Boss, wengi hawatumii laini mbili."

Tuko Busia. Hapa hata muuza ndizi ana laini ya Kenya na ya Uganda. Yeye mwenyewe alikuwa na mbili, niliziona zikisoma kwa simu yake.

Na mimi nilikuwa na tatu.

Niwaeleze. Ajiambo aliacha laini mbili. Ya Kenya, ya wanunuzi. Ya Uganda, ya watu wa mzigo. Ongeza yangu. Simu zote nilizoona zinachukua mbili. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika huko chini kwamba ningeacha moja kwa mulika. Ni kweli, na ndivyo ilivyokuja kuwa. Lakini hata ukifanya hivyo lazima uamue ni ipi inakaa nje, na huo uamuzi niliuchelewesha.

Sikununua siku hiyo. Niliambiwa nivuke ng'ambo, kwamba upande wa Uganda bei inashuka kidogo. Ni kweli inashuka, nilienda nikaona. Lakini muuzaji wa kule aliniambia waziwazi, "Ssebo, ikiharibika uilete hapa hapa. Kwenu warranty yetu hawatambui." Nikafikiria foleni ya mpakani na simu mbovu mkononi. Nikarudi.

Niliipata Malaba, nilipoenda kuona mzigo wa mtama. Duka dogo, dada mmoja peke yake, haongei sana. Nikamtolea muhogo nikitarajia kicheko. Akaweka karatasi nyeupe kwa meza, akaweka vile vipande juu, akasema, "Piga hapa. Ukipiga juu ya kioo rangi inadanganya." Kumbe nyumbani kwao pia wanaanika.

Ile niliyochukua ni RAM sita, ambayo kwangu inatosha. Battery ni kubwa, inanifikisha jioni nikiwa nimeshinda barabarani. Screen inaonekana juani, hiyo muijaribu nje ya duka, msiijaribu chini ya taa zao. Spika ina sauti, kwa sababu pale mpakani trela zinanguruma kutwa. Nafasi ni tatu kamili, laini mbili na memory card. Camera ukiizima ile AI inazimika na inabaki imezimika. Ukungu unaonekana kama ukungu. Kampuni sitaitaja, msije mkadhani nimelipwa.

Nje ya mada kidogo. Nyinyi wa mpakani, mkinunua simu mpya ingieni kwa settings za network mzime automatic. Ikiwa automatic inaweza kuruka na kushika mnara wa ng'ambo hata ukiwa umekaa kwako Kenya, na bundles zako hazifanyi kazi. Mimi nilikaa nusu siku Malaba nikidhani nimeuziwa simu mbovu.

Turudi.

Yule dada aliniuliza, "Wasap tunafungua na namba gani?"

Nilifikiria wanunuzi. Nikamwambia ile ya Kenya ya Ajiambo. Sikumwambia ni ya nani. Code ikaja kwa mulika, akaijaza. Ikafunguka.

Ikafunguka na picha yake.

Sikuwa nimejua kwamba picha haikai kwa simu. Nilidhani ilikufa na ile screen. Ilikuwa hapo, amefunga kitambaa cha bluu, ameangalia pembeni kama mtu aliyeitwa. Groups zake zilianza kuingia moja moja, za kanisa, za chama, za kwao Nangina. Dada akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Nikalipa nikatoka.

Siku iliyofuata nilipiga picha gunia jipya, nikataka kumtumia Mama Posho. Nilikuwa mgeni na hiyo kitu. Nikabonyeza mahali pa kubonyeza, nikaandika "Mzigo mpya umefika," nikatuma. Nikaweka simu mfukoni nikaendelea kushona magunia.

Haikuwa imeenda kwa Mama Posho. Ilikuwa imeenda kwa status.

Simu ililia. Alikuwa Taaka, mdogo wake Ajiambo, anayekaa na mama yao kule Nangina. Hakunisalimia.

"Nani ako na simu ya dada?"

"Ni mimi, shemeji."

"Ni wewe umeweka status?"

"Status gani?"

Akavuta pumzi. "Shemeji, nilikuwa namwonyesha mama picha za harusi ya kanisa. Nikasukuma na kidole. Ikatokea uso ya dada na maneno, mzigo mpya umefika. Wewe unajua mama alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Aliniuliza huo mzigo umefika wapi."

Nikamwambia nitaifuta. Akasema kufuta nifute, lakini hiyo haimalizi, na kwamba mama amesema niende.

Niwaeleze kitu wale wasio wa huku. Kwetu baada ya mazishi kuna siku ya kunyoa nywele. Siku hiyo ndugu wanakaa, na vitu vya marehemu vinagawanywa mbele ya watu. Kabla ya kugawanywa hakuna anayevigusa. Siku yetu ilikuja na ikapita. Nguo za Ajiambo zilienda kwao. Jembe lake lilipewa shangazi. Vyombo vilibaki kwa watoto. Hata kiti chake cha sokoni kilitajwa.

Laini hakuna aliyeitaja. Tulisahau wote, wazee na vijana. Ilikuwa ndani ya mulika yangu mfukoni siku hiyo hiyo.

Nilienda Nangina Jumapili baada ya kanisa. Kitu kingine mjue, mimi siingii nyumba ya mama mkwe. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja. Ni heshima, si ugomvi. Kwa hivyo Taaka aliniwekea kiti kwenye veranda, mama akakaa ndani nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, na Taaka akakaa kwa kizingiti. Tunasikiana vizuri kabisa, lakini maneno yanapita kwake.

"Mwambie mkwe tulishtuka," mama akasema.

Taaka akanigeukia. "Shemeji, ulishtusha watu."

"Mwambie mama naomba msamaha. Sikukusudia."

"Mama, anasema pole." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mnasikiana na bado mnanifanya mimi mnara wa network."

Mama alimsikia. "Taaka, tafsiri. Usiongeze zako."

Kuku walikuwa wanapita katikati yetu.

"Mwambie siku ya kunyoa tuligawa kila kitu. Sasa hiyo laini alipewa nani?"

Nikasema hakupewa mtu.

"Basi bado ni ya mwenyewe," mama akasema. "Na kitu cha mwenyewe hakitembei sokoni peke yake. Mwambie ailete, tuiweke na nguo zake."

Hapo wakuu niliona nakaribia kupoteza kila kitu. Kuna aliyeniuliza baadaye kwa nini nisingeenda tu kununua laini mpya na kuwaambia wateja. Namba za wateja nilikuwa nazo. Lakini wateja wa Ajiambo hawakuwa na yangu, na mtu wa posho mill hapokei muhogo kwa namba asiyoijua. Wanaliwa pesa kila siku hapo mpakani na watu wa namba ngeni. Ile namba ndiyo ilikuwa duka. Bila hiyo ningerudi kusukuma baiskeli kwa kulipwa kibarua, na karo ingesimama.

Nikasema hivyo. Nikasema laini ikienda, biashara imeenda.

Taaka akanitazama. "Ni biashara tu, shemeji? Sema yote mama asikie. Mimi sitaki kuja kutumwa tena."

Mimi si mtu wa kuongea. Lakini niliulizwa.

Nikasema laini ikikaa bila kazi, baada ya muda kampuni inaichukua na kumpa mtu mwingine. Mtu huyo tutakuwa hatumjui. Siku moja Taaka atabonyeza jina la dada yake kwa bahati mbaya, na kuna mtu ataitikia. Nikasema afadhali niitikie mimi.

Taaka hakutafsiri. Aliangalia chini.

Mama akauliza mwenyewe, lakini akapitisha kwake. "Muulize, watu wakipiga wakimtafuta, huwa anawaambia nini?"

Nikasema huwa nawaambia ukweli. Nasema mimi ni bwana yake, yeye tulimzika.

"Kwa simu?"

"Kwa simu."

Mnajua kwetu msiba hausemwi kwa simu. Unamwambia mtu mgonjwa amezidi, njoo nyumbani, anajua mwenyewe akifika. Lakini mtu wa mzigo aliye Uganda nitamwambia aje wapi? Na kusema hayupo, ametoka kidogo, siwezi. Nilijaribu kulifikiria hilo neno, likakataa kutoka mdomoni. Kwa hivyo nasema. Kila anayepiga mara ya kwanza anauliza alikuwa anaumwa nini, halafu ananipa pole, na baadaye ndipo tunafika kwa muhogo. Siku zingine yanakuwa mazishi mara tatu kabla ya saa sita.

Nilimweleza mama hivyo, si kwa maneno mengi kama hapa.

Nilisikia kiti chake kikilia ndani.

"Muulize kama hachoki."

Taaka akafungua mdomo. Nikajibu kabla hajasema. "Nachoka, mama."

Hiyo ilikuwa kosa. Nilimjibu moja kwa moja. Taaka alishika mdomo. Lakini mama hakukasirika. Alisema, kwa Taaka, "Mwambie nimesikia."

Halafu akagawa. Aligawa vile vitu vinagawanywa siku ya kunyoa, kwa kutaja kitu na mwenyewe. Laini ya Kenya, ya mkwe. Laini ya Uganda, ya mkwe. Zifanye kazi, zilee watoto. Jina lake litoke hapo, kwa sababu yeye hauzi tena. Na ile picha itoke kwa simu, nimpelekee yeye.

Taaka akauliza, "Mama, picha ya simu utaiweka wapi na wewe huna simu?"

"Kwani hakuna karatasi?" mama akasema.

Nikapewa chai hapo veranda, nikanywa peke yangu, nikaondoka.

Ile picha niliipeleka studio Busia mjini wakaitoa kwa karatasi ya kiasi, na fremu. Taaka alikuja kuichukua. Sijui mama aliiweka ukuta gani. Mimi siingii ile nyumba.

Kwa wasap sasa jina ni la biashara, na picha ni muhogo juu ya karatasi nyeupe, vipande viwili, kizuri na kibaya. Niliandika ujumbe mmoja nikawatumia wote, kwamba aliyekuwa mwenye namba hii tulimzika, anayeuza sasa ni mume wake, bei na mzigo ni vile vile. Wengine hawakujibu hadi leo. Wawili wa Uganda waliniacha, nilisikia wanauzia mtu mwingine. Mama Posho alijibu: "Najua. Ajiambo alikuwa anaandika mpaka simu inajaa. Wewe unaandika 'ndio'." Halafu akaagiza gunia. Lilipofika akasema ni lile la kwenye picha. Hajawahi kunisifu zaidi ya hapo.

Laini ya Kenya nilienda kuibadilisha iandikwe kwa jina langu. Wanataka cheti cha kifo na kitambulisho. Ni foleni, lakini inafanyika, msiache kufanya. Ya Uganda bado naifuatilia, sijui itaishaje.

Kwa hivyo kama unatafuta simu ya bei ya katikati, hili ndilo nililo nalo. Nenda dukani na kitu cha kazi yako. Kama ni vitambaa, beba kitambaa. Kama ni mboga, beba mboga, na wakicheka waache wacheke. Camera inayopendeza si lazima iwe camera inayosema kweli. Watoe kile kijisahani ukihesabu nafasi kwa macho yako. Na ile RAM ya kuongeza, muulize inatoka wapi.

La pili halihusu duka. Ongea na mtu wako kuhusu laini zenu mkiwa hai. Nani abaki nayo, nani asibaki nayo. Sisi tuligawa mpaka kiti cha sokoni tukasahau kitu kilichokuwa kinalia mfukoni.

Kuhusu zile laini tatu. Zake mbili zimekaa kwa smartphone. Yangu ndiyo iliyobaki kwa mulika. Nilipokuwa naamua, nilifungua orodha ya waliopiga kwa laini yangu, nione ni nani nitamkosesha nikiitoa. Ilikuwa ni yeye. Ajiambo, Ajiambo, Ajiambo, na fundi wa baiskeli.

Mulika bado naichaji. Haipigwi.

Nakaribisha maoni wakuu. Mwenye laini ya mtu wake aliyetangulia, nyinyi mliamua vipi?